Mkulima wa Kompyuta Naye Ana Kinyongo

Kazi yangu ni kujenga wakulima ndani ya kompyuta. Ninawapa shamba, watoto, madeni, majirani na kumbukumbu, kisha ninaiacha programu ipitishe miezi na miaka nione kila mmoja ataamua nini. Atapeleka majani ya chai kituoni au atauza soko huru? Atang'oa chai apande parachichi? Fedha za mwezi huu zitaenda kwenye mbolea au kwenye karo? Simwamulii. Ninachoandika ni namna anavyofikiri: anachokumbuka, anachokiogopa, na watu anaowatazama kabla ya kutia nia. Wahusika hao wakishafika mamia kadhaa, wakaishi kwenye vilima vilevile na kuonana kila siku, hutokea mambo ambayo sikuyaandika popote kwenye msimbo.

Kazi hii naifanya Kisii na Nyamira, nyumbani kwetu, na imenifundisha jambo moja ninaloliamini kwa moyo wote. Programu inaweza kutoa jumla iliyo sahihi hali watu waliomo ndani yake si wa kweli. Mchoro wa mauzo utalingana na vitabu vya kiwanda, wakubwa wataridhika, na bado ushauri utakaotoka hapo utamuumiza mkulima, kwa kuwa umejengwa juu ya sababu ambazo si zake.

Anayepajua huku ataelewa kwa nini nasisitiza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao wanategemea shamba. Ardhi imegawanywa kwa wana, ikagawanywa tena kwa wajukuu, hata mpaka kati ya ndugu wawili ukawa mstari mmoja tu wa nyasi za nepia. Shamba likiwa dogo namna hiyo, hakuna uamuzi wa siri. Ukipunguza mahindi ili uongeze chai, jirani amejua kabla ya jioni, na kesho mkeo ataulizwa mtoni kama mmepata mfadhili.

Milima hii iliingia kwenye hesabu za watafiti zamani. Mwaka 1993 Eric Smaling na wenzake wa Uholanzi walichapisha mizania ya rutuba ya wilaya ya Kisii: kwa wastani kila hekta ilikuwa ikipoteza kilo 112 za naitrojeni kwa mwaka, kilo 70 za potasiamu na kilo 3 hivi za fosforasi. Takwimu hizo zimenukuliwa duniani kote. Baadaye katika miaka hiyo ya 1990 ikaja NUTMON, programu ya kufuatilia rutuba inavyoingia shambani na inavyotoka, iliyofanyiwa kazi Kisii, Kakamega na Embu. Ninaiheshimu sana. Ilikubali kwamba zizi la ng'ombe, jiko, migomba na gunia linalopelekwa sokoni ni sehemu za hesabu moja. Lakini haikuundwa kueleza kwa nini samadi ilimwagwa kwenye migomba na mahindi yakanyimwa. Swali hilo lilibaki kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hakuwekwa ndani ya programu.

Kumweka ndani ndiko kunakohitaji saikolojia. Wanauchumi wa zamani walimpa mhusika wao akili isiyochoka, inayojua bei zote na kuchagua lenye faida kubwa kuliko yote. Herbert Simon aliipinga picha hiyo tangu miaka ya 1950, akasema mtu hutafuta kinachotosha kisha huacha kutafuta. Wander Jager na Marco Janssen wakalitia wazo hilo na mengine kwenye mfumo unaoitwa Consumat, ambao bado naupenda kwa uwazi wake. Mhusika anajiuliza mambo mawili tu: nimeridhika, na nina uhakika? Aliyeridhika na mwenye uhakika hurudia alichofanya jana. Aliyeridhika lakini ana wasiwasi humwiga mwenzake. Asiyeridhika lakini ana uhakika hukaa akapiga hesabu. Asiyeridhika na asiye na uhakika huzunguka akiuliza watu wa hali yake wanafanyaje. Nikiwatazama watu wakikata shauri kuhusu parachichi, nawaona wote wanne kwenye barabara moja.

Siku hizi natumia zaidi GAMA, programu ya bure inayomruhusu mhusika kuwa na imani, matakwa na nia, na juu yake hisia, kanuni za jamii na mahusiano na wengine. Mgawanyo huo wa imani, matakwa na nia unatokana na mwanafalsafa Michael Bratman, aliyeuandika mwaka 1987. Hapa ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa sababu kompyuta haikatai chochote. Ukiandika kwamba mkulima wako ana woga, itakubali. Ukiandika kwamba hana, itakubali vilevile, na jumla huenda zisibadilike.

Nitaeleza kwa mfano wa soko huru, maana ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi.

Mkulima mdogo wa chai huku hupeleka majani kwenye kituo cha kununulia, karani anapima, na majani yanaenda kwenye kiwanda kinachosimamiwa na KTDA, chombo kilichoanzishwa mwaka 1964. Kila mwezi analipwa kiasi fulani kwa kilo. Fedha nene, ile bonasi, huja mara moja kwa mwaka baada ya hesabu za mwaka unaoishia Juni kufungwa. Soko huru ni mnunuzi anayesimama barabarani na pikapu, anapima na kulipa taslimu hapo hapo. Mwaka ambao bonasi ni nzuri, aliyeuza barabarani amepunjika. Hata hivyo watu huuza, na viwanda hulalamika kwamba majani yanapungua.

Kwa nini wanauza? Nilijenga wakulima wa aina mbili.

Wa kwanza ni mkulima asiyeweza kungoja. Nilimpa akili iliyoelezwa na Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson katika makala yao ya mwaka 2011 kuhusu wakulima wa mahindi wa Busia. Watu wale walitaka kununua mbolea, waliamini inafaa, na baada ya mavuno fedha walikuwa nazo. Ila waliahirisha, na msimu wa kupanda ulipofika fedha zilikuwa zimekwisha kwenye mambo mengine. Walipoahidiwa kuletewa mbolea bila gharama ya usafirishaji iwapo wangelipa punde tu baada ya kuvuna, wengi zaidi walinunua. Huo ni ugunduzi mkubwa, na unahusu watu wa Kenya magharibi, si wanafunzi wa chuo cha Marekani. Mkulima wangu wa kwanza huona shilingi ya leo ni kubwa na bonasi ya Oktoba ni ndogo kuliko ilivyo.

Wa pili ni mkulima mwenye kinyongo. Yeye hana haraka. Anauza barabarani kwa sababu anaamini amedhulumiwa, na yuko radhi kupata hasara ili aliyemdhulumu naye akose. Msomaji anaweza kudhani nimembuni huyu kwa kupenda drama. Sikumbuni. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Joseph Henrich na wenzake katika jamii 15 za mabara kadhaa. Wagusii walikuwemo, pamoja na Wamaragoli, na Edwins Gwako ndiye aliyefanya kazi hiyo upande wetu. Katika mchezo mmoja, mtu wa tatu anapewa fedha zake, kisha anamtazama wa kwanza akigawa fedha nyingine kati yake na wa pili. Anaulizwa kama yuko tayari kutoa sehemu ya zake ili yule mgawaji akatwe mara tatu ya sehemu hiyo. Yeye mwenyewe hapati kitu. Kila jamii iliyoshiriki ilikuwa na watu wa kukubali, ila viwango vilitofautiana sana, na Wagusii na Wamaragoli walikuwa miongoni mwa waliokubali kwa wingi kabisa kujipunguzia ili mchoyo aadhibiwe.

Niliposoma matokeo hayo mara ya kwanza nilinyamaza, kisha nikawakumbuka wajomba zangu.

Niliwaendesha wakulima wa aina hizo mbili kwa mvua zilezile, karo zilezile na bei zilezile. Jumla ya majani yasiyofika kiwandani ilifanana kiasi kwamba mchoro mmoja ungeweza kuwekwa juu ya mwingine. Mtu anayetaka jumla peke yake angechagua yeyote kati yao na kwenda zake. Sikubali kazi iishie hapo. Ukiamini mkulima wako hana subira, utashauri alipwe mara nyingi zaidi, bonasi ikatwe vipande, apewe mkopo mdogo wa simu wakati wa kufungua shule. Ukiamini ana kinyongo, vipande hivyo havitamrudisha hata kilo moja. Huyo anataka kuiona mizani, anataka kuelezwa kila shilingi iliyokatwa, anataka kujua kwa nini viwanda vya magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida hulipa bonasi ndogo kuliko vya Mlima Kenya.

Ukiacha jumla na kufuata mhusika mmoja mmoja, tofauti zinajitokeza. Asiyengoja huuza barabarani shule zinapofunguliwa, huuza kidogo, na mahitaji yakipita hurudi kituoni. Mwenye kinyongo huanza baada ya bonasi kutangazwa, au baada ya siku ambayo majani yake yalikataliwa mbele ya watu. Huuza yote. Hata nyumbani kukiwa na fedha, harudi. Hizo ni alama zinazoweza kutafutwa kwa watu halisi, na tulizitafuta.

Njia yetu ni rahisi. Maisha ya mhusika mmoja ndani ya programu tunayageuza kuwa hadithi fupi ya mwaka mmoja, tunaisoma mbele ya wakulima kwa Ekegusii au Kiswahili, kisha tunauliza: mtu huyu yupo? Wengine katika taaluma yetu huona hilo ni jambo la pembeni, la kupamba ripoti. Kwangu ni jaribio zito kuliko takwimu nyingi. Jean Ensminger alipowachezesha Waorma wa Tana mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, wao waliutambua mara moja kuwa ni harambee na wakacheza kama watu walio kwenye harambee. Bila kuwasikiliza, mtafiti angebaki na tarakimu za michango asijue zimetoka wapi.

Hadithi ya asiyengoja iliposomwa, mama mmoja aliyekuwa amekaa na kikapu chake miguuni aliuliza, "Mwalimu, huyu mtu wako anaishi peke yake?"

Nikamjibu, "Hapana, mama. Ana mke na watoto."

"Basi mbona anaamua kama asiye na mtu? Namba ya chai ni ya mzee. Bonasi inaingia benki kwa mzee. Anayechuma ni mimi. Zile kilo ninazoacha barabarani ndizo chumvi, sabuni na daftari. Ungeniita mimi mtu wa haraka?"

Wanawake walicheka na kupiga makofi. Wanaume wawili watatu walitazama chini.

Swali lake limebadili namna ninavyoandika kila kitu tangu siku hiyo. Katika programu nyingi za kilimo, nyumba moja ni mhusika mmoja mwenye akili moja. Nyumba ya Kigusii haiko hivyo, na sijui kama kuna nyumba ya mkulima mahali popote iliyo hivyo. Dorthe von Bülow na Anne Sørensen waliandika mwaka 1993 kuhusu chai ya Kericho, jirani zetu, wakaonyesha wazi jinsi mkataba unavyoandikwa kwa jina la mume hali kazi ni ya mke, na jinsi wake walivyoupinga mpango huo kwa kupunguza kazi yao. Ukimtia mama yule kwenye programu kama mtu kamili, mauzo ya barabarani yanakuwa mshahara wake, wala hayahitaji kuelezwa kwa ukosefu wa subira. Subira anayo. Anachokosa ni akaunti.

Kwa hiyo sasa ninajenga mume na mke kama waamuzi wawili wanaoishi pamoja, kila mmoja na imani yake kuhusu anachokijua mwenzake. Kuna mambo ambayo mmoja hayasemi. Kuna chinsoni, ile staha ya Kigusii kati ya vizazi na kati ya wakwe, inayomfanya kijana asiweze kumwuliza baba yake moja kwa moja fedha za bonasi zilikwenda wapi. Nimeiandika kama kanuni inayozuia swali kutamkwa. Matokeo yake kwenye programu ni makubwa kuliko nilivyotarajia kwa kanuni ndogo vile: habari inayojulikana na kila mtu nyumbani inaweza kukaa miaka bila kubadili uamuzi wowote, kwa kuwa hakuna mwenye ruhusa ya kuitaja.

Hadithi ya mwenye kinyongo nayo ilisomwa. Mzee mmoja aliitikia kwa kichwa tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha akasema kuna kitu kimepungua. "Huyu amekasirika kwa ajili ya chai. Mimi nilikasirika kabla ya chai. Nilipeleka pareto. Nilingoja fedha mpaka nikaacha kungoja. Chai ilinikuta nimeshajua."

Pareto ilikuwa fahari ya vilima hivi. Kuna wakati Kenya iliuzia dunia sehemu kubwa kabisa ya pareto yote, na Kisii ilikuwa moja ya sehemu zake kuu. Kisha malipo yakachelewa, yakakoma, wakulima wakakaa miaka wakidai, na mwishowe wakang'oa. Programu za kawaida hazina nafasi ya kitu kama hicho. Mhusika hukumbuka misimu michache ya karibuni, na ya nyuma hupungua uzito haraka mpaka ikafutika. Hesabu hiyo inafaa kwa mvua. Kwa deni lisilolipwa haifai hata kidogo. Deni hilo nimelipatia kumbukumbu ya aina yake, isiyopungua kwa kupita kwa wakati, inayohama kutoka zao hadi zao na kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Inafifia pale tu mkulima anapolipwa kwa wakati alioahidiwa, tena mara nyingi mfululizo. Nilipoitia, wahusika wangu walianza kuogopa parachichi kwa namna ileile ninayoisikia vijijini: wanapanda michache, wanamwacha jirani aanze, wanauliza nani atanunua na atalipa lini kabla hawajauliza bei.

Wapo wanaoniambia sasa kwamba kazi hii imepitwa. Mwaka 2023 Joon Sung Park na wenzake wa Stanford walijenga kijiji cha wahusika 25 wanaoendeshwa na modeli kubwa ya lugha; wakaamka, wakapiga soga, wakaalikana kwenye sherehe. Mwaka 2024 wakafanya kubwa zaidi: waliwahoji Wamarekani 1,052, kila mmoja kwa saa mbili, wakajenga mhusika kwa kila mhojiwa. Wahusika hao walijibu dodoso la jamii la huko kwa usahihi wa asilimia 85 ya ule ambao watu wenyewe walirudia majibu yao baada ya wiki mbili. Ni kazi nzuri, na ninaifuatilia kwa hamu.

Lakini nimejaribu kuiambia modeli ya namna hiyo iwe mama mkulima wa Nyamira, na ninayemsikia simjui. Anazungumza vizuri mno. Anaeleza sababu zake zote kwa mpangilio, hana swali ambalo hawezi kuliuliza, anamtaja mumewe kama mshirika wa biashara. Maandishi ya Ekegusii kwenye intaneti ni machache, na yaliyoandikwa kutuhusu kwa Kiingereza mengi ni ripoti za miradi, kwa hiyo huyo mama anaongea kama ripoti ya mradi. Nguvu ya kazi ile ya Stanford ilitokana na watu zaidi ya elfu moja walioketi na kuhojiwa saa mbili mbili. Anayetaka kufanya hivyo Nyamira aje aketi kwanza. Wako waliowahi kuketi: Robert na Barbara LeVine walikaa na jamii ya Wagusii waliyoiita Nyansongo kati ya 1955 na 1957, katika utafiti wa tamaduni sita ulioongozwa na John na Beatrice Whiting, na kitabu chao cha 1966 bado kinanisaidia kuona jinsi mtoto wa kizazi cha bibi yangu alivyofundishwa kutii kabla ya kufundishwa kusema. Sikubaliani na kila walichohitimisha, lakini waliketi.

Ninapokabidhi matokeo kwa walioyaagiza, naweka masharti. Kila jumla iambatane na sababu za wahusika, zimeandikwa kwa lugha ambayo mkulima anaweza kuisoma au kusomewa. Pale ambapo akili mbili tofauti zimetoa jumla moja, zote mbili zionyeshwe, pamoja na alama za kuzitofautisha. Na sababu hizo zisomwe kituoni kabla ya mpango wowote wa malipo kupitishwa, mbele ya wenye namba na mbele ya wanaochuma. Kuna waliokataa masharti hayo wakatafuta mtu mwingine. Kuna waliokubali, na baadhi yao wameshangaa jinsi mkutano wa saa moja chini ya mti ulivyofuta mapendekezo waliyokuwa wameyapitisha.

Mkutano wa mwisho uliniachia kazi nyingine. Kijana mmoja wa bodaboda, ambaye chai ya nyumbani kwao huchumwa na dada yake, aliniuliza kaka yao aliye Nairobi yumo wapi kwenye programu. Ndiye anayetuma fedha za mbolea kwa simu, alisema, ndiye anayekataza chai isiuzwe barabarani, na hajaingia shambani tangu mazishi ya baba yao. Kwa wahusika wangu, anayeamua ni lazima aishi shambani. Nimeanza kuandika wahusika wa mbali: wasioona mvua wala mizani, wanaojua shamba kwa kuelezwa tu, na ambao neno lao ndilo la mwisho. Dada yake amekubali kuja kusikiliza hadithi ya kwanza ikiwa tayari. Amesema ana mengi ya kuongeza kuhusu yale asiyomweleza kaka yake.